Nyimbo Nizipendazo, na Mmoja Niliochelewa Kuusikiliza

Baadhi yenu mmeniuliza ni muziki gani hasa aupendao mwandishi wa ukurasa huu, ambaye kila wiki hutoa mashauri juu ya akiba na malezi pasipo kujitaja mwenyewe. Leo nawajibu.

Nilikulia katika nyumba za askari, ambako ukuta mmoja hutenga jamaa mbili na redio ya jirani huwa ndiyo redio yako. Jirani wa kulia alikuwa na kaseti za Kilingala, na wa kushoto alipiga za Kiswahili. Jioni ya siku ya mshahara watu wa makabila yote walicheza nyimbo za Franco na bendi yake ya OK Jazz, wengi wao wasifahamu hata neno moja. Mimi nami niliucheza wimbo wa "Mario" wa mwaka 1985 kwa miaka mingi nikidhani ni wa mapenzi matamu, hata nilipofika chuo cha ualimu mwenzangu mmoja akanieleza kuwa ni malalamiko juu ya kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Nilicheka, kisha nikaona haya.

Nyimbo za Kiswahili hazikunipa nafasi ya kujidanganya hivyo. Katika hizo namtanguliza Mbaraka Mwinshehe wa Tanzania, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Gitaa lake halina haraka. Huzungumza, likangoja, likazungumza tena, mithili ya mtu anayemweleza jirani shida zake. Alifariki kwa ajali ya barabarani nchini Kenya mnamo Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Umri huo nimeupita mwaka jana, na tangu hapo kila nimsikilizapo nastaajabia kazi aliyoiacha. Les Wanyika, walioanza Nairobi mwaka 1978, nawapenda pia, hasa "Sina Makosa", wimbo ambao kwangu hufupisha kazi ya kufua nguo. Muziki wa siku hizi siupingi, ila ngoma ya mashine haipumui.

Sasa nije kwa yale niliyoyasikiliza karibuni. Franco, kabla ya kufariki mnamo Oktoba 1989, alikuwa ametoa mwaka 1987 wimbo wa kuonya watu juu ya Ukimwi. Kwetu Uganda, Philly Lutaaya alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kuwa yeye mwenyewe anao ugonjwa huo, wakati ambapo watu waliuita Silimu na kuutaja kwa kunong'ona. Alikuwa mtu mashuhuri wa kwanza nchini kufanya hivyo. Aliingia mashuleni na makanisani kuwaeleza watu, akaimba "Alone and Frightened" juu ya upweke na hofu ya mgonjwa, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule akafariki.

Nyimbo zake za Krismasi zilipigwa nyumbani kwetu kila mwaka. Huo mwingine, ulipoanza tu redioni, baba alinyosha mkono akazima. Hatukuuliza sababu. Mzee wetu alikuwa askari, na maswali hayakuwa mengi.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Amekwisha kustaafu. Nilikuwa nimemchukulia nyimbo za zamani, na bila kukusudia ule ukafuata baada ya mwingine. Nikafanya haraka kuuzima. Akasema, "Uache uishe."

Uliisha. Akanyamaza kitambo, ndipo akanieleza habari za ndugu yake mdogo, aliyekuwa askari pia, aliyefariki mwaka 1993 nikiwa mtoto mchanga. Katika ukoo wetu husemwa hadi leo kwamba alirogwa. Baba alinitajia ugonjwa wenyewe kwa jina lake, kisha akasema kwamba marehemu aliuomba wimbo ule kila jioni, naye hakuweza kustahimili kuusikia.

Baada ya hayo akaniambia niurudishe mwanzo, nimwite na mama kutoka jikoni.