Kuikimbia Kolwezi Si Kutakasika

Tarehe 22 Julai 2025, huko Florida nchini Marekani, bustani ya burudani ya EPCOT, mali ya kampuni ya Disney, ilifungua upya mchezo wake wa magari uitwao Test Track baada ya ukarabati wa zaidi ya mwaka mzima. Mfadhili wa mchezo huo ni General Motors, kampuni ya magari yenye chapa ya Chevrolet. Siku hiyohiyo, hapa katika jimbo la Lualaba, Kongo, ilitimia miezi mitano kamili tangu serikali ya Kinshasa ilipozuia kobalti, madini ya betri, isitoke nchini. Kule watu walipanga foleni wapande gari la umeme linalokimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Huku kobalti yetu ilikuwa imezuiwa, ikingoja ruhusa ya kusafiri.

Nimezitaja habari hizi mbili pamoja kwa sababu kuna imani moja inayoziunganisha, nami naiona kuwa ni imani potofu. Inasema hivi: kampuni ya magari ikitangaza kwamba haigusi kobalti ya Kongo, basi mikono yake ni safi. Mnunuzi wa Ulaya na Marekani anaiamini. Watetezi wa haki wenye nia njema wanaisambaza. Linaloniuma zaidi ni kwamba hata baadhi ya vijana wetu wanaikariri: heri betri zisizo na kobalti yetu, wanasema, angalau tutaondokewa na aibu. Nasema hapana. Imani hiyo haisafishi kampuni yoyote, na sisi inatuacha palepale shimoni.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa maana historia yake inafundisha. EPCOT ilipofunguliwa mwaka 1982, General Motors ilifadhili jumba liitwalo World of Motion, lililosimulia safari za binadamu tangu enzi za miguu mitupu. Mwaka 1999 mahali hapo pakawa Test Track. Mgeni aliketi ndani ya gari na kupitishwa kwenye majaribio ambayo kampuni ilisema huyafanyia magari yake: breki, barabara mbovu, joto kali, baridi kali, kona na mwendo wa kasi. Ujumbe ulieleweka bila kuandikwa ukutani: gari letu limejaribiwa, liamini. Mwaka 2012 mchezo ukakarabatiwa, na Desemba ukafunguliwa ukiwa na sura mpya na jina la Chevrolet.

Haukupita mwaka mmoja na miezi mitatu. Februari 2014 General Motors ilianza kuyaita magari yake yarudi kwa sababu ya kasoro katika swichi ya kuwashia. Mtikisiko kidogo, au uzito wa funguo zilizoning'inia, uliweza kuizungusha swichi hiyo. Injini ikazimika gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa isifunguke ajali ilipotokea. Gari lililotajwa kuliko yote katika mkasa huo liliitwa Chevrolet Cobalt. Ndiyo, lilibeba jina la madini yetu. Ndani ya kampuni, wahandisi walikuwa wameijua kasoro hiyo kwa takribani miaka kumi. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124 na kulipa zaidi ya dola milioni 590, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 900 ili kumaliza kesi ya jinai.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Miaka yote ile wageni walipokuwa wakifurahia majaribio ya Florida, jaribio lenyewe lilikuwa barabarani, na watu walikuwa wakifa. Taa mpya na rangi mpya hazikuokoa mtu. Kilichoibana kampuni ni wafiwa waliokataa kunyamaza, mahakama, bunge, na hesabu. Watu 124 walihesabiwa mmoja mmoja, na familia zao zikalipwa. Jina la kampuni lilianza kurudi siku ilipokubali kuhesabu maiti zake.

Sasa nauliza: nani katika ulimwengu wa magari anahesabu maiti wa Lualaba? Tarehe 27 Juni 2019, wachimbaji wadogo wasiopungua 43 walifukiwa na udongo katika eneo la kampuni ya KCC, karibu na mji huu wa Kolwezi. Hakuna aliyeunda mfuko wa fidia mfano wa ule wa Marekani. Badala ya kuhesabu, soko limechagua njia nyepesi: kuondoka.

Tutazame basi wanaondoka kwenda wapi. Aprili 2022 General Motors ilitia saini mkataba wa miaka kadhaa wa kununua kobalti ya mgodi wa Murrin Murrin, Australia. Muuzaji ni kampuni ya madini ya Glencore. Ni Glencore ileile yenye hisa kubwa katika KCC na Mutanda, migodi mikubwa ya hapa kwetu. Mwezi uliofuata, Mei 2022, Glencore ilikiri mbele ya sheria makosa ya rushwa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwemo, na Desemba mwaka huohuo ikakubali kuilipa nchi yetu dola milioni 180. Kwa hiyo fedha za mnunuzi zimeingia mfuko uleule. Kilichobadilika ni shimo tu. Mtu akihama duka na kwenda duka jingine la tajiri yuleyule, amemwadhibu nani?

BMW nayo ilitangaza kuwa kobalti yake itatoka Australia na Moroko, katika mgodi wa Bou Azzer. Mwaka 2023 waandishi wa habari wa Ujerumani waliripoti kwamba maji ya karibu na mgodi huo yana kiwango kikubwa cha aseniki. Wenye mgodi walikanusha. Simhukumu mtu kwa habari za gazeti. Nasema tu kwamba ukiikimbia Kolwezi hukuti nchi isiyo na vumbi wala sumu. Unakuta mahali ambapo kamera bado hazijafika.

Tena kuna jambo ambalo waumini wa "gari lisilo na kobalti" hawataki kulisikia: shaba. Kobalti ya Lualaba, kwa sehemu kubwa, huchimbwa pamoja na shaba, katika mwamba mmoja, kwa tingatinga moja, na kijiji kilichohamishwa ni kimoja. Betri mpya za chuma na fosfati hazina kobalti hata chembe, lakini haziwezi kufanya kazi bila shaba, na gari la umeme hubeba shaba nyingi mara kadhaa kuliko gari la petroli. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuzalisha shaba, nyuma ya Chile, na mgodi mkubwa wa Kamoa-Kakula uko magharibi mwa Kolwezi, si mbali na mjini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona gari la umeme linateleza kimya barabarani, jua kwamba huenda ndani yake mna udongo wetu, liwe na kobalti au lisiwe nayo. Mbona hakuna anayetangaza "gari lisilo na shaba ya Kongo"? Kwa sababu haliwezekani. Uadilifu unaoanza na kuishia kwenye kile kinachoweza kuachwa bila hasara si uadilifu. Ni hesabu ya biashara.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kuna watoto mashimoni. Ni kweli, na Amnesty International ililiandika jambo hilo kwa kirefu Januari 2016. Nitakumbushwa Kasulo, mtaa ambao tangu mwaka 2014 watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe, hadi mwaka 2017 sehemu yake ilipozungushiwa ukuta na wakazi wakahamishwa. Silikatai hata neno moja. Sisi ndio tunaowazika hao waliofukiwa. Lakini aibu hiyo si ya jiwe, wala haiondoki mnunuzi mwenye jina kubwa anapogeuza mgongo. Mchimbaji hana kazi nyingine. Kesho atashuka tena, atajaza gunia, atalipeleka kwenye madepo ya wanunuzi huko Musompo na kuliuza kwa bei atakayotajiwa, kwa mtu asiyemuuliza limetoka wapi. Mnunuzi anayeuliza maswali akiondoka, anabaki asiyeuliza.

Na tumekwisha kuona kwamba njia nyingine ipo. Kuanzia 2018 hadi 2020, katika eneo la Mutoshi hapahapa Kolwezi, wachimbaji wadogo walifanya kazi ndani ya uzio, wakiwa na vifaa vya kujikinga, na mlangoni watoto walizuiwa. Haikuwa pepo, na ilisimamishwa mwaka 2020 janga la korona lilipoingia. Lakini ilithibitisha kwamba mchimbaji wa mikono anaweza kufanya kazi bila kufukiwa, mradi mtu akubali kulipia uzio, mafundi na usimamizi. Ni gharama ndogo mno mbele ya fedha zinazotumika kupamba jina la gari.

Wala sitawaficha viongozi wetu nyuma ya wageni. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa serikali za mitaa penye mgodi, na mrabaha wa kobalti umepandishwa hadi asilimia 10. Tangu Oktoba 2025 Kinshasa imeweka mgawo wa mauzo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Mkono unaoweza kufunga na kufungua kobalti ya dunia nzima hauwezi kusema umeshindwa kuwapa wachimbaji maeneo halali yenye madini ya kweli. Bei ikipanda kwa sababu ya mgawo huo, wananchi wa Kolwezi wana haki ya kuonyeshwa, kwa tarakimu na hadharani, imejenga nini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, popote ulipo, siku muuza gari atakapokuambia kwa fahari kwamba betri yake haina kobalti ya Kongo, usimpongeze. Muulize shaba yake imetoka wapi. Muulize ni watu wangapi waliokufa mwaka uliopita katika migodi inayomlisha, na familia zao zimelipwa nini. Kampuni iliyoweza kuhesabu vifo 124 kwao inaweza kuhesabu na vyetu. Isiyotaka kuhesabu haijatakasika, hata ikarabati jumba lake mara mia.

Hatuombi kukimbiwa, wala hatuombi kuhurumiwa. Tunataka wanunue kwetu, walipe bei ya haki, na wabaki hapa mpaka mashimo yawe salama.