Katika hadithi za wanaume wanaopendana, mtu wa kuogopwa ni yule anayeijua siri

Kuna hadithi ambazo mtu anazisoma kwenye telefone akiwa peke yake, kisha anazifuta kabla ya kumwazima ndugu yake telefone hiyo. Ni hadithi za wanaume wawili wanaopendana, na sheria imesimama katikati yao. Mmoja ni polisi, mwingine anatafutwa. Au wote wawili ni raia wa kawaida, katika nchi ambamo kupendana kwao ni kosa. Humo mna mlango unaogongwa usiku, barua isiyo na jina, na safari ya kutoroka bila mizigo. Wengi wanazitupa pembeni kwa neno moja: uchafu wa Ulaya. Wanaosema hivyo wanakosea, na familia zilizokimbia vita zingeweza kuliona kosa hilo mbele ya wengine.

Mfano mzuri ni filamu ya Uingereza iitwayo Victim, iliyotoka mwaka 1961. Wakati ule sheria ya huko ilimfunga mwanaume aliyekutwa na mwanaume mwenzake. Katika filamu hiyo, kijana mmoja mfanyakazi anaiba feza za tajiri wake. Anayetazama anafikiri ni mwizi tu. Halafu anatambua kwamba feza zote zilikuwa zinaenda kwa watu waliokuwa na picha yake pamoja na avoka mmoja mkubwa, mwanaume mwenye mke, ambaye kijana yule anampenda. Polisi wanamkamata kijana. Badala ya kumtaja avoka, anajinyonga katika kasho. Basi avoka anaanza kuwatafuta wale watozaji mwenyewe, huku akijua kwamba siku watakapofika mbele ya tribinali, jina lake na kazi yake vitaisha.

Katika hadithi hiyo polisi si mtu mbaya kuliko wote. Sheria ndiyo iliyompa mtozaji nguvu. Bila sheria ile, picha ile ingekuwa karatasi tu. Waingereza wenyewe walikuwa wamelijadili jambo hilo katika ripoti ya serikali ya mwaka 1957, na miaka 10 baadaye, mwaka 1967, England na Wales zikaacha kuwafunga wanaume watu wazima kwa mambo yao ya faragha.

Sasa mtu aangalie karata ya nchi za Maziwa Makuu kama mwandishi wa hadithi anavyoiangalia. Kongo haina sheria inayotaja mapenzi ya watu wa jinsia moja kuwa kosa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti, na hapo imeishia. Miswada ya kuwaadhibu ilipelekwa bungeni mwaka 2010 na tena mwaka 2013, haikupita. Lakini kile kifungu cha kuvunja adabu hadharani kipo, na polisi mwenye njaa anakijua vizuri. Rwanda haina sheria ya kuwafunga. Burundi inayo tangu 2009. Kenya, kifungo kinafika miaka 14. Tanzania kinaweza kufika maisha.

Uganda imepita wote. Sheria iliyosainiwa mwezi wa tano 2023 inatoa kifungo cha maisha, na kwa makosa mengine inataja kifo. Maana yake ni hii: kijana wa Rutshuru anayekimbia risasi, akipita Bunagana na kupokelewa Nyakabande, kisha kupelekwa Nakivale, amevuka pia kutoka sheria moja kuingia nyingine. Jana jina la kosa lake halikuwepo kitabuni. Leo lipo, na anaishi katika hema ambalo jirani anasikia hata kikohozi chake. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyehitaji kubuni mpaka wa namna hiyo. Umeshachorwa.

Wakimbizi wanajua vizuri kuchongewa ni nini. Wanajua mtu anayesema, “nipe sehemu ya chakula chako, la sivyo nitawaambia wewe ulikuwa upande gani.” Hofu ya wanaume wale wawili ni hofu hiyohiyo, tofauti ni siri yenyewe. Ile sheria ya 2023 ilimlazimisha hata mtu wa kando kutoa taarifa. Tarehe 3 mwezi wa ine 2024, mahakama ya katiba ya Kampala ilikifuta kifungu hicho, pamoja na kile kilichomtisha mwenye kupangisha nyumba. Sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Imebaki pia adhabu ya hadi miaka 20 kwa kile wanachokiita kueneza, na kutangaza hewani kumo. Ndiyo sababu igizo la redio kuhusu jambo hili haliwezi kupigwa upande ule bila mtu kuogopa.

Si kwamba hadithi hizi zote ni nzuri. Nyingine ni mbovu kabisa, hasa zile za polisi mzuri wa sura anayempenda mfungwa wake. Mtu aliyefungiwa kasho hana uwezo wa kusema hapana kwa yule anayeshika ufunguo, na msomaji wa Kivu haitaji kuelezwa hilo. Mwandishi anayeita jambo hilo mapenzi anadanganya, iwe ni wanaume wawili au mwanaume na mwanamke. Pingu zifunguliwe kwanza, ndipo wapendane.

Wazazi na wachungaji wanasema kwamba kusoma hadithi kunamgeuza mtoto. Wana haki ya kuchagua kinachosomwa na watoto wao wadogo. Ila watu wazima wamesoma hadithi za wezi miaka mingi bila kuwa wezi. Na ukimya haukumlinda mtu hata huko Uingereza: Forster aliandika riwaya yake Maurice mwaka 1913 na 1914, akaificha, ikachapishwa 1971 baada ya kufa kwake. Katika muda huo wote watozaji waliendelea kula.

Kwa Kiswahili cha Kivu hadithi kama hiyo ingeweza kuandikwa bila kuazima kitu London. Vijana wawili, bariera, hema mbili zinazopakana, na shangazi aliyesikia neno moja usiku na hajaamua bado atafanya nini nalo. Mwenye kalamu aanzie kwa shangazi.