Wembe Ulioiangusha Mbanta

Kila anayemaliza kusoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe, humtukana Mzungu. Sawa, anastahili. Lakini alifunguliwa mlango na nani?

Rudini kitabuni, pale Mbanta, kijiji cha Waigbo wa Nigeria, ujombani kwa Okonkwo. Wenye vyeo hawakukimbilia misheni. Alikwenda mama aliyezaa mapacha mara nne, na mara zote wakatupwa. Wakaenda wanaume wasiohesabiwa. Kisha wakaja osu, watu waliotolewa wakfu kwa miungu, wao na vizazi vyao. Osu haoi muungwana (sisi wa Pwani tunalijua neno hilo, na tunajua liliwafungia kina nani mlango). Haketi kwenye mkutano wa waungwana. Wembe haugusi kichwa chake: nywele ndefu, chafu, zimesokotana, hadi azikwe kwenye msitu wa laana. Mhubiri akawaambia wanyoe. Wakaogopa kufa, wakanyoa, na hawakufa. Jamii iliyojivunia mieleka na maghala ya viazi vikuu ikashindwa na wembe!

Msiniambie hiyo ni hadithi tu. Bunge la Mashariki mwa Nigeria lilipiga marufuku ubaguzi wa osu mwaka 1956. Katiba ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kumnyima raia haki kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Na bado posa ikipelekwa, wazee hutumwa kupeleleza ukoo wa binti. Awe daktari, awe wakili, neno moja likinong'onwa, ndoa imekufa.

Kinachoniudhi zaidi kimo katika Hamkani si Shwari Tena, tafsiri ya riwaya nyingine ya Achebe, ya 1960. Nwoye, yule mwana wa Okonkwo aliyemkimbia baba yake kwa kuchukia ukatili wa mila, sasa ni mzee Isaac, katekista mstaafu. Mwanawe Obi anataka kumwoa Clara, muuguzi aliyesoma Uingereza. Clara ni osu. Katekista anakataa! Mama naye anaapa kujiua iwapo ndoa itafungwa yeye angali hai. Biblia ipo mezani, na osu bado yuko nje.

Nyie wazee wa Kiigbo mnaolalamika kwamba watu wenu hawasimami pamoja mbele ya Nigeria, acheni hotuba. Kwenye mkutano ujao wa kijiji, mpeni osu kokwa ya kola, aivunje yeye, nanyi mle.