NYUMBANI KWETU: Buibui Ndani ya Mkebe



Majembe yakianza kazi, huenda jambo hili likakufika. Kijana wako anarudi toka shambani na mkebe mkononi, na ndani yake mna buibui mkubwa mwenye manyoya, mpana kama kiganja. "Baba, nataka kumfuga." Utamjibu nini?

Wengine hushika kiatu wakamponda. Wengine hucheka tu, wakamwachia mtoto mkebe wake. Nawaomba msifanye upesi hata moja.

Buibui huyo ana sumu, ila si sumu ya kuua mtu kama ya koboko. Lakini yuko mmoja wa rangi ya machungwa, ambaye wafugaji wa Ulaya humwita kwa jina la milima ya Usambara, naye ni mkali mno. Akichokozwa huinua miguu ya mbele, na asipoachwa huuma. Maumivu ni makali, mahali pale huvimba, na pengine misuli hukaza kwa siku kadhaa. Mtu mzima atavumilia. Je, yule mdogo atambaaye sakafuni?

Ni kweli, huko Ulaya na Marekani watu humnunua buibui huyu wa kwetu wakamfuga. Lakini wao humweka peke yake katika sanduku la kioo lenye kifuniko imara, na udongo wa kuchimba, na maji kidogo, wakamlisha panzi na mende. Tena jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10! Kijana aliye darasa la tano leo atakuwa ameshaondoka nyumbani, na mama ndiye atakayebaki kumkamatia buibui panzi. Sijamwona bado mama wa kukubali hayo.

Mkebe uliofunikwa kwa kitambaa hautoshi. Usiku ndio saa yake ya kutembea, nanyi mmelala mkekani. Naye pia yumo hatarini: akianguka toka mezani, tumbo laweza kupasuka. Akijivua ngozi hulala chali kama mfu, na mtoto asiyejua humchokoa kwa kijiti.

Basi, mimi nasema asifugwe. Ila usimnyime kijana jioni moja ya kumtazama, mkebe ukiwa umefunikwa vizuri, maana naye ni kiumbe wa Mungu. Alfajiri mrudisheni kwenye tundu lake lile lile. Msimshike: ulazeni mkebe chini, ondoeni kifuniko kwa fimbo ndefu, mkae mbali mpaka atoke.

Na kama ameshamwuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji, wekeni kitambaa cha maji baridi. Msichanje wala msifyonze. Misuli ikianza kukaza, nendeni zahanati; mtoto mdogo apelekwe mara moja, bila kungoja.