Sarafina bado amevaa sare

Na Neema Laizer

Kwa hesabu ya kawaida, Sarafina! ilipaswa kufa Februari 11, 1990. Mbongeni Ngema alipoipandisha jukwaani Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ilihusu wanafunzi wa Soweto wanaoandaa onyesho la shule kuhusu siku ambayo Mandela ataachiwa huru. Mandela akaachiwa, akawa rais. Igizo likawa limeshapata lilichokuwa likikitamani, na maigizo ya namna hiyo kwa kawaida huishia kabatini.

Hili lilikataa. New York, kule Broadway, lilichezwa mara 597 kabla ya kushuka mwaka 1989. Ikaja filamu ya 1992, Leleti Khumalo akiwa Sarafina yuleyule wa jukwaani, Whoopi Goldberg akiwa mwalimu. Hiyo ndiyo iliyotufikia sisi, kwenye kanda za video na vibanda umiza. Nairobi nao wamelipandisha jukwaani kwao. Hapa Sokon I, Arusha, unamkuta kijana anayeimba vipande vyake huku hajawahi kusikia jina la Ngema.

Wengi watakwambia siri ya uhai wake ni muziki. Kweli, mdundo ule wa mbaqanga, pamoja na nyimbo alizochangia Hugh Masekela, unamwinua hata aliyetoka kubeba magunia. Lakini nyimbo tamu ziko tele na zimesahauliwa. Mimi naona siri iko darasani. Wahusika karibu wote ni wanafunzi, na mwalimu anayewafundisha historia isiyotakiwa na serikali anachukuliwa na polisi. Shule yoyote yenye kwaya inaweza kulicheza, na Arusha kwaya hatujawahi kupungukiwa. Mavazi wanayo tayari.

Halafu kuna suala la lugha. Juni 16, 1976, watoto wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Mtoto wetu aliyemaliza la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kwa Kiingereza, haandamwi na bunduki, na ni makosa kumfananisha na wale. Ila darasa ambalo nusu hawajaelewa na hakuna anayenyoosha mkono, hilo analijua vizuri.

Na Tanzania tuna haki ya kulidai igizo hili. Baadhi ya vijana waliokimbia baada ya 1976 walisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, iliyopewa jina la mpiganaji wake Solomon Mahlangu, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali yetu. Desemba 1987, mwaka uleule wa igizo, ANC iliwakutanisha wapinga ubaguzi wa dunia hapahapa Arusha. Ajabu ni kwamba Juni 16, ambayo ndiyo Siku ya Mtoto wa Afrika, tunaipitisha kwa hotuba za wageni rasmi, ngonjera na fulana.

Kinachonikera kwenye marudio mengi ni dansi kuongezwa huku hofu ikipunguzwa. Askari anaingia, ukumbi unacheka. Bila woga wa kweli, ule uchangamfu wa watoto unabaki mazoezi ya viungo. Kwa hiyo shule itakayoomba kibali kwa wenye haki na kulicheza Juni ijayo, nina ombi moja: mwigizaji wenu bora msimpe Sarafina. Mpeni uaskari.