Kiangazi kisiondoe mboga kwenye sahani ya mtoto

Mzazi, masika yakishaisha, huku Karagwe na Kyerwa vitu viwili huja pamoja: baridi ya usiku na uhaba wa mboga za majani. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi Septemba, mchicha huadimika, lakini ndizi na maharage vipo. Mtoto anashiba, nasi tunaridhika.

Ila kushiba si lishe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Kagera, mkoa wenye chakula, ina udumavu wa asilimia 34.3 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Ndizi hutia nguvu, lakini mtoto anahitaji pia vitamini A na madini ya chuma.

Kwa hiyo tumia mboga zinazovumilia kiangazi: kisamvu, maboga yaliyovunwa na kuhifadhiwa mazima, na majani ya kunde uliyoyakausha kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A.

Jaribu chakula hiki cha jioni. Chemsha maharage mpaka yaive. Ongeza ndizi zilizomenywa, vipande vya boga, kitunguu, nyanya na chumvi kidogo. Vikikaribia kuiva, mimina karanga za kusaga zilizokorogwa kwa maji, uache zichemke polepole kwa dakika kumi. Mwisho weka mboga za majani, zilizooshwa kabla ya kukatwa. Funika dakika tano, epua. Ukitumia majani ya kunde makavu, yaloweke kwanza, uyaweke pamoja na boga. Mtoto aliyetimiza miezi sita mpondee chakula chake mpaka kilainike.

Wakati wa kula kamulia limao. Husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai isubiri angalau saa moja, maana huzuia kazi hiyo.

Kisamvu kipikwe peke yake: kitwange, kisha kichemshe vizuri bila kufunika, sumu yake itoke.

Na yale maji ya kuoshea mboga usiyamwage. Jaza kiroba udongo na samadi, panda mchicha karibu na jiko, umwagilie hayo hayo. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma.

Leo usiku, kabla ya kupakua, jiulize: kijani kiko wapi?