CHETI ALIPOKELEA CHINI YA JUKWAA

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu, leo sizungumzii twahara wala mirathi. Nina deni kifuani, nimelikalia kwa miezi. Ni refu, kaa kitako usome. Na kama wewe ni mkuu wa chuo, mjumbe wa bodi, mkufunzi, au mzee wa kamati inayochangisha fedha za kujenga chuo cha ufundi cha Waislamu, basi wewe ndiye ninayekukusudia hasa.

Nilialikwa kwenye mahafali ya chuo kimoja cha ufundi stadi. Jina lake nalihifadhi. Sitaki kumwaibisha mtu, na tena nikikitaja kimoja vingine vitajiona vimesalimika. Nikawekwa jukwaani, kwenye viti vyenye vitambaa, karibu na mgeni rasmi. Wahitimu wakawa wanaitwa mmoja mmoja, wanapanda ngazi, wanapeana mkono na mgeni, wanapigwa picha, wanashukia upande wa pili.

Likaitwa jina la binti mmoja wa fani ya ushonaji. Akaja na magongo yake mawili mpaka chini ya jukwaa, akasimama. Ngazi zilikuwa nne, za mbao, hazina pa kushika. Pakawa na kimya kidogo. Kisha mshereheshaji akateremka, akampa cheti palepale chini, akarudi kwenye kipaza sauti: "Huyu ni mfano wa subira, tumpigie makofi!" Watu wakasimama. Wakapiga makofi mpaka basi.

Na mimi nikapiga.

Baada ya chakula akanifuata. Nilidhani anataka dua, nikaanza kuinua mikono. Akasema, "Shehe, mimi sikuomba cherehani." Nikamwambia, "Unasemaje, mwanangu?" Akaniambia kwenye fomu aliandika umeme wa majumbani. Matokeo yake yalikuwa yanatosha. Karakana ya umeme iko ghorofani, ya ushonaji iko chini, basi wakampangia chini. Hakuulizwa. Aliambiwa, "Utafaa zaidi huku." Na akaniambia jambo jingine ambalo limeninyima usingizi: kwa miaka miwili hakuwa akinywa maji asubuhi, kwa sababu choo cha wasichana kipo ng'ambo ya uwanja, kina kizingiti kirefu na mlango mwembamba, na mvua ikinyesha hakufikiki kwa magongo. Miaka miwili, katika joto hili la pwani, mtoto wa watu anajinyima maji ili asome.

Kabla ya kuandika haya nimempigia simu kumwomba idhini. Amekubali kwa sharti moja tu, nisimwite mfano wa subira.

Sasa turudi kwenye dini yetu, kwa sababu najua wapo watakaosema, "Shehe, mambo haya ni ya wafadhili na semina za hotelini." Wallahi siyo. Unaijua Surat Abasa, umeisoma mara ngapi? Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumaini wasilimu na watu wao wasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), asiyeona. Nataka uangalie alichokifuata. Hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutaka kufundishwa. Alikuwa mwanafunzi! Na kwa ajili ya mwanafunzi huyo asiyeona, aliyecheleweshewa somo kwa sababu ya wageni wakubwa, zikateremshwa aya za kumlaumu kiumbe mbora kuliko wote, na tunazisoma ndani ya swala mpaka leo. Mtume (s.a.w.) baada ya hapo akawa akimkirimu, akamfanya muadhini wake pamoja na Bilal, na alipokuwa akisafiri alimwachia usimamizi wa Madina, zaidi ya mara moja.

Mimi siku ile nilikuwa jukwaani na mgeni rasmi. Nikikumbuka sura ile, uso unaniwaka.

Hapo ndipo ninapogombana nanyi, na nafsi yangu kwanza. Sisi tumemgeuza mlemavu kuwa mlango wa thawabu. Ramadhani ikifika tunajua alipo. Tunampelekea mchele, mafuta, tende, na kamera. Kiti mwendo kimoja kinakabidhiwa na watu kumi na wawili, kila mmoja ameshika ukingo ili aonekane kwenye picha. Kisha shawwal ikiingia, kijana huyohuyo anakisukuma kiti kilekile mpaka kwenye chuo tulichokichangia sisi wenyewe, anakuta ngazi. Sijasema sadaka ni mbaya, hasha. Nasema unampa samaki kwa kamera halafu umemfungia njia ya kwenda ufukweni, na mwaka ujao unamletea tena samaki na kumshangaa kwa nini bado anaomba.

Tena wapo wanaokuja na hoja ya dini, na hii ndiyo inayoniuma zaidi kwa kuwa wengine ni wenzangu wa mimbari. Wanasema, "Allah (s.w.) kaondoa dhiki kwa kipofu na kiguru, kwa nini ajitaabishe na chuo? Akae nyumbani, kusoma si lazima kwake." Ndugu yangu, ruhusa ile amepewa nani, yeye au wewe? Soma kisa cha Amr bin al-Jamuh (r.a.). Alikuwa kiguru, mguu wake umelemaa sana. Siku ya Uhud wanawe wakamzuia asitoke, wakamwambia Allah amekupa udhuru. Mzee hakunyamaza, akaenda kuwashitaki kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akamweleza kwamba kweli yeye ana udhuru, jihadi haimlazimu. Kisha akawageukia wale wanawe, akawaambia hawana haja ya kumzuia. Akatoka, na akafa shahidi siku ile.

Tafakari hapo, usipite haraka. Udhuru ni wa mwenyewe, akitaka anautumia, asipotaka anauacha. Wanawe walimpenda, hakuna shaka, walimwonea huruma baba yao. Lakini huruma yao iliposimama mlangoni, waliambiwa wapishe. Mkuu wa chuo unayeandika "utafaa zaidi huku" na mzazi unayemficha mtoto chumbani mgeni akija, mmesimama palepale waliposimama wale.

Sasa nizijibu hoja ninazozisikia vyuoni, maana baada ya mahafali yale nilianza kupita na kuuliza.

"Hatuna bajeti." Haya, tuhesabu. Mteremko unaomfaa mtu wa kiti mwendo, kanuni yake inayofahamika kwa mafundi ni kwamba kila sentimita moja ya kwenda juu unaipa sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Mlango wenye ngazi tatu za sentimita 15 una kimo cha sentimita 45. Zidisha kwa 12 unapata mita 5 na sentimita 40 za zege, na bomba la kushikia pembeni. Na chuo cha ufundi kina wanafunzi wa uashi! Wanajenga kuta za mazoezi asubuhi na kuzibomoa jioni. Wanafunzi wa uchomeleaji wanaunga vyuma kisha vyuma hivyo vinatupwa uani. Wape kazi ya kweli wapimwe kwayo. Yale maturubai na pilau la mahafali (nami nilikula, sijifichi) yaligharimu zaidi ya hapo.

Na ghorofa je? Hapo hata lifti huihitaji. Teremsha darasa. Mwaka ambao kuna mwanafunzi asiyepanda ngazi, fani yake ifundishwe chini na nyingine ipande juu. Hilo ni jambo la karatasi ya ratiba na nguvu za vijana kuhamisha meza siku moja.

"Karakana ni hatari kwa kiziwi, hasikii mashine wala king'ora." Umewahi kuingia karakana ya seremala msumeno ukiwa unalia? Nani anasikia mle? Mkufunzi mwenyewe anafundisha kwa mikono, anaonyesha kwa vidole, anamgusa mwanafunzi begani. Wote wanakuwa viziwi kwa saa nne, na hakuna anayefukuzwa. Funga taa inayowaka pamoja na king'ora, itawafaa hata hao wanaosikia. Darasani ndipo kwenye kazi: panahitajika mkalimani wa lugha ya alama, na huyo ni mtu wa kulipwa mshahara kama mhasibu anavyolipwa. Msimwachie rafiki yake wa benchi amtafsirie, mwishowe wote wawili hawasomi.

"Asiyeona atasoma kompyuta vipi?" Mbona anayo simu mfukoni na inamsomea jumbe zake zote? Programu inayosoma kioo cha kompyuta kwa sauti ipo ya bure kabisa, inaitwa NVDA, inapakuliwa kwenye intaneti. Kinachokosekana ni mkufunzi aliyekaa wiki moja akajifunza kuitumia. Na mwenye ualbino wala hahitaji mengi: kiti cha mbele, maandishi makubwa, muda wa kutosha kwenye mtihani, kofia na mafuta ya kuzuia jua akienda mafunzo ya vitendo nje. Ajabu tunamwekea ulinzi asiuawe, halafu tunamchoma jua saa sita kwenye somo la uashi tukamwita mvivu.

"Si wana vyuo vyao?" Naam, serikali ina vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama cha Yombo hapa Dar es Salaam, Masiwani kule Tanga na Sabasaba Singida. Vimewafaa wengi, na wakufunzi wake wana ujuzi mkubwa ambao vyuo vingine vingekwenda kuuomba. Lakini unavihesabu kwa vidole, na nchi hii ni pana. Chuo kiko hatua mia mbili kutoka kwao, wadogo zake wanasoma hapo, kwa nini yeye peke yake apandishwe basi siku nzima? Neno "vyao" lina sumu. Kwani hiki ni cha nani?

Na msiseme ni hisani. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao. Ndugu zetu wa Kenya wanalo jambo hili ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 54. Sheria yetu inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wenye sifa. Zingatia hilo neno, wenye sifa. Sifa zinatoka wapi? Mwajiri akiulizwa anajibu, "Niliwatafuta, hawana vyeti." Chuo kikiulizwa kinajibu, "Hatuwapati, hawaji kuomba." Halmashauri nayo ina asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vyao, na afisa anasema wanashindwa kurejesha kwa kuwa hawana ujuzi wa biashara. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na binti wa watu yuko chini ya jukwaa na cheti cha fani ambayo hakuiomba.

Basi muulizeni mlemavu mwenyewe anachotaka kusoma. Hili ndilo ninalolililia kuliko mteremko. Unaweza kumwaga zege chuo kizima ukabaki unampangia maisha. Kwenye fomu pawe na swali, "Unahitaji nini ili usome vizuri?", na jibu lisitumike kumkatalia nafasi. Kwenye bodi ya chuo akae mtu mwenye ulemavu, mwenye kura, asiwe wa kuitwa siku ya picha.

Masheikh wangapi mnaowasikiliza, wa Tanzania na Kenya, wamesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina? Chuo kile kilipata kuongozwa na Sheikh Abdulaziz bin Baz (Allah amrehemu), aliyepoteza uoni tangu ujanani, na baadaye akawa Mufti Mkuu wa Saudia kuanzia 1993 mpaka alipofariki 1999. Tunajivunia fatwa zake. Angekuja leo na fimbo yake kuomba nafasi kwenye chuo chako, karani wa dirishani angempeleka wapi?

Nilirudi kwa mkuu wa chuo kile. Ni mtu mzuri, sikumkuta na kiburi. Alisema hakuwahi kufikiria habari ya choo. Namsadiki, na hiyo ndiyo dhambi yetu wengi, hatukufikiria. Ameahidi kwamba darasa la umeme la mwaka wa kwanza linashuka chini muhula ujao. Binti nimemfikishia habari, akasema ataamini akiiona ratiba. Ana haki.

Kuanzia sasa ukiniletea kadi ya mchango wa chuo, nitakuuliza mlango una upana gani na choo kiko wapi. Usinikasirikie.

Na kabla hujaniandikia, "Shehe, na msikiti wenu je?", nami najibu: una ngazi tatu mbele na mbili kwenye sehemu ya kutawadhia, na mzee mmoja wa mtaa wetu anaswali nje kwenye mkeka tangu alipokatwa mguu kwa kisukari, na sisi tulikuwa tukimsifu kwa kuhudhuria jamaa. Fundi anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi. Saruji ipo, mchanga umeshuka jana. Mwenye toroli na koleo aje navyo.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.